Safari ya Ol Njorowa: gumzo la majirani wa Umoja

Mama Neema, Jumapili, saa 1:12 jioni
Majirani wapendwa, habari za jioni. Kama tulivyokubaliana kwenye kikao cha chama, matembezi yetu ya mwaka huu ni ya mbuga ya Hell's Gate, Naivasha, na hamu kubwa ya wengi wetu ni kuteremka katika korongo la Ol Njorowa, tutembee kati ya kuta zake hadi kwenye chemchemi za maji moto na vile vijiporomoko vinavyochuruzika mwambani. Kutoka hapa Nairobi ni karibu kilomita 90, kwa hivyo tutakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Naomba kila nyumba iseme watakuja watu wangapi na tarehe gani inawafaa.

Baba Otieno, saa 1:20 jioni
Kwetu tutakuwa 4. Naonelea tungoje likizo ya Aprili, kwa sababu watoto watakuwa nyumbani na hakuna atakayekuwa na haraka ya kurudi kumalizia kazi ya shule.

Mwalimu Zawadi, saa 1:41 jioni
Baba Otieno, kwa heshima zote naomba tusiende Aprili. Aprili ni katikati ya masika, na korongo lile si mahali pa kukutwa na masika. Aprili mwaka 2012 kundi la vijana wa kanisa lilikuwa mle ndani maji yalipokuja ghafla, na watu 7 wakafa. Nilikuwa nimekwisha kupeleka wanafunzi pale kabla ya msiba huo, na habari ilipotangazwa nilikaa na redio mpaka usiku nikiwaza kwamba nilisimama mahali pale pale na watoto wa wenyewe, nikiwahimiza wapige picha. Napendekeza Jumamosi ya tatu ya Februari, wakati wa kiangazi.

Baba Otieno, saa 1:46 jioni
Nimekuelewa, Mwalimu, na naondoa pendekezo langu. Basi Februari hatuna la kuogopa?

Mwalimu Zawadi, saa 2:03 usiku
Hapo ndipo ninapotaka sote tuelewane, kwa sababu kalenda peke yake haitulindi. Septemba mwaka 2019 watu wengine 7 walisombwa na maji katika korongo hilo hilo, na Septemba si mwezi wa masika. Kiangazi kinapunguza hatari, lakini hakiiondoi.

Nawaeleza jinsi pale palivyo. Zamani za kale palikuwa na ziwa kubwa zaidi kuliko Naivasha ya leo, na maji yake yalipojaa yalitafuta njia ya kutokea upande wa kusini, yakachimba miamba laini iliyotokana na majivu ya volkano hadi yakaacha ufa huu mrefu. Ziwa likapungua, na leo Naivasha haina mto unaotoka ndani yake juu ya ardhi, lakini ule mfereji ulibaki, na bado unafanya kazi ya mfereji. Mvua ikinyesha kwenye miinuko iliyo mbali, maji yanateremka kwenye magenge, yanakusanyika, kisha yanaingia katika njia ambayo sehemu nyingine ni nyembamba kiasi cha mtu kunyoosha mikono akagusa kuta zote mbili. Anayetembea chini anaweza kuwa anaona jua limewaka juu yake wakati maji yako njiani.

Siku ile na wanafunzi, kiongozi wetu alisimama mahali pembamba akainua fimbo yake kutuonyesha gogo lililokwama kati ya kuta mbili, juu kuliko kichwa cha mtu mrefu kuliko wote tuliokuwa nao. Lilikuwa limevikwa nyasi kavu zilizofumana kama kiota. Mtoto mmoja akauliza ni nani aliyeliweka pale, na kiongozi akamwambia ni maji. Nilipapasa ukuta nikaukuta laini kama ndani ya chungu kilichosuguliwa, na kwa mara ya kwanza nikafahamu ni kitu gani kilichousugua.

Mzee Salim, saa 2:15 usiku
Mwalimu amesema kweli tupu. Mimi nimeendesha malori njia ya Naivasha zaidi ya miaka 20, na maji ya Bonde la Ufa nayafahamu. Mwaka 2024, mwezi huo huo wa Aprili, maji yaliyokuwa yamezuiliwa huko juu yalifunguka usiku yakaporomokea vijiji vya Mai Mahiu, na makumi ya watu wakafa wakiwa majumbani mwao. Watu wale walikuwa vitandani, hawakwenda kutafuta maji, maji ndiyo yaliyowatafuta. Sisi tunaokwenda kwa miguu yetu wenyewe hatuna udhuru wa kutouliza mvua imenyesha wapi.

Mama Neema, saa 2:24 usiku
Ahsanteni sana. Basi naomba tukubaliane jambo moja kabla hatujazungumzia chakula wala gari. Ijumaa jioni, na tena tukiwa langoni asubuhi, tutawauliza askari wa wanyamapori kama njia ya korongo iko wazi na kama mvua imenyesha popote upande wa juu. Wakisema njia imefungwa au mvua imenyesha, au hata wakionekana kusita, hatushuki. Tukiwa tayari tumo ndani na kiongozi akasema tutoke, tunatoka saa hiyo hiyo, bila mtu kuomba dakika mbili za picha. Nauliza mapema ili asiwepo wa kunung'unika siku yenyewe.

Baba Juma, saa 2:31 usiku
Mimi nakubali, lakini nina swali linalohusu fedha. Gari tutakuwa tumelilipia na viingilio tumelipia. Tukizuiwa kushuka, tutakuwa tumekwenda Naivasha kutazama nini? Binti yangu amekuwa akihesabu siku tangu kikao kile.

Mwalimu Zawadi, saa 2:52 usiku
Baba Juma, swali lako ni la haki, na ninalijibu kwa furaha kwa sababu naipenda mbuga ile hata bila korongo. Ni miongoni mwa mbuga chache za nchi hii ambamo mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Kutoka lango la Elsa hadi mahali pa kuteremkia ni karibu kilomita 8, na njia yote inapita chini ya magenge mekundu, pundamilia wakila nyasi karibu kabisa na barabara. Twiga huwasikia watu kabla watu hawajamwona. Nyati nao wapo, kwa hivyo watoto hawatatangulia peke yao.

Muda mfupi baada ya lango kuna Fischer's Tower, nguzo ya mwamba yenye kimo cha mita 25 hivi. Ni lava iliyogandia ndani ya koo la volkano, kisha udongo wa pembeni ukaondoka na yenyewe ikabaki imesimama. Iliitwa kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika huko mwaka 1883 akazuiwa na Wamaasai kuendelea na safari. Wamaasai wenyewe wana hadithi yao, kwamba mwamba ule ni msichana aliyekuwa akipelekwa kuolewa, akakatazwa kugeuka nyuma, naye akageuka kuitazama mara ya mwisho boma ya kwao. Mwambie binti yako hadithi hiyo akiwa amesimama chini ya mwamba wenyewe, na sidhani kama atakuuliza kuhusu korongo kwa muda wa saa nzima.

Baba Juma, saa 2:58 usiku
Nimeridhika, Mwalimu. Na kwa kuwa mimi ni fundi wa umeme, ningependa kuyaona kwa macho yangu mabomba ya mvuke ya kituo cha umeme cha Olkaria kilicho hapo karibu. Umeme wa jotoardhi umekuwa ukitoka huko tangu mwaka 1981, nami nimeunganisha nyaya za nyumba ngapi hapa mtaani bila kuona unakoanzia. Ni moto ule ule wa chini unaochemsha hizo chemchemi za korongoni.

Bi Rehema, saa 3:05 usiku
Wanangu, magoti yangu hayataniruhusu kuteremka, lakini sitaki kubaki Umoja. Nitakaa juu kwenye kivuli na vyakula. Watoto walio chini ya miaka 10 niachieni. Mahali penye kamba za kushikilia na mawe yanayoteleza hapamfai mtoto wa miaka 8, hata awe shujaa namna gani.

Baba Juma, saa 3:11 usiku
Nimekuwa nikitafuta maneno ya kumwambia, Bi Rehema, na sasa umeniokoa. Ataendesha baiskeli pamoja nasi hadi hapo juu, kisha atabaki nawe.

Mama Neema, saa 3:14 usiku
Bi Rehema, tafadhali chakula kikae ndani ya gari, na madirisha yafungwe. Nyani wa pale hawaogopi watu.

Mama Neema, Jumatatu, saa 12:40 jioni
Tumefika 13. Mzee Salim ametupatia matatu ya viti 14 kwa shilingi 15,600 kwenda na kurudi, kwa hivyo kila mtu atatoa shilingi 1,200 za usafiri. Viingilio vya mbuga vinalipiwa kupitia eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, nami nitavilipa vyote kwa pamoja mkinitumia fedha kwa M-Pesa kufikia Jumatano ya wiki ya safari. Baiskeli na kiongozi tutalipia huko huko. Tafadhali msiseme kiongozi ni gharama tunayoweza kuiacha. Anayeijua njia ya kutokea ndiye tunayemhitaji kuliko kitu kingine chochote tutakachobeba.

Mama Otieno, saa 12:55 jioni
Nitapika chapati 40 na mayai ya kuchemsha. Je, viatu vya ngozi vinafaa?

Mwalimu Zawadi, saa 1:02 jioni
Hapana, Mama Otieno. Vaeni raba zenye soli ya kushika vizuri, na mkubali kwamba zitalowa. Mahali fulani maji ya moto yanatiririka juu ya jiwe lenye utelezi wa kijani, na mtu akiweka mkono bila kuangalia anaweza kuungua, kwa hivyo kila mzazi amwonye mwanawe kutogusa maji yoyote kabla kiongozi hajayapima. Kila mtu abebe lita 2 za maji ya kunywa na kofia. Mikono ibaki mitupu. Vitu vyote viingie kwenye mkoba wa mgongoni.

Mzee Salim, saa 1:20 jioni
Kuhusu njia, tutapita juu kwa Limuru. Asubuhi kuna ukungu mzito huko Kimende, na dereva ameniahidi atakwenda polepole. Barabara ya chini inayopita Mai Mahiu ina kona kali na malori mengi, nami sitaki kuanza siku tukiwa nyuma ya lori linaloteremka kwa gia ya kwanza. Tukiondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, tutakuwa langoni mapema, na wanaoshuka watakuwa wameshapanda juu kabla ya saa sita mchana.

Baba Otieno, saa 1:26 jioni
Kwa nini kabla ya saa sita, Mzee?

Mzee Salim, saa 1:29 jioni
Kwa sababu mvua za huko hupenda kushuka alasiri. Asubuhi tunaona mbali, na tukiona wingu limesimama juu ya mlima Longonot bado tuna nafasi ya kuamua.

Mama Neema, Ijumaa ya safari, saa 11:48 jioni
Nimezungumza na watu wa langoni sasa hivi. Wamesema wiki nzima hapajanyesha na njia ya korongo iko wazi, lakini wamesisitiza kwamba uamuzi wa mwisho utatolewa kesho asubuhi. Nimewaambia hilo ndilo tulilokubaliana pia.

Mzee Salim, saa 12:05 jioni
Gari litasimama kando ya duka la mkaa saa kumi na moja na robo. Halitapiga honi, kwa kuwa majirani wengine watakuwa wamelala. Nitapita mlango kwa mlango kugonga.