Mjadala: Kwenye filamu ya bajeti ndogo, kompyuta iumbe au ifute?

Wadau, kuna kauli imezoeleka mno kwa waongozaji wenye fedha kiduchu: "Tupige tu, mhariri atamalizia kwenye kompyuta." Mimi naipinga, na anayeweza kuuvunja msimamo wangu auvunje. Chochote kinachomgusa mwigizaji, iwe damu, jeraha, matope au zimwi linalomshika bega, kitengenezwe kwa mikono mbele ya kamera. Kompyuta ipewe kazi ya kufuta nyaya, fimbo na kiwiko cha fundi kilichochungulia pembeni. Ikibidi iongeze kitu, basi kiwe cha mbali.

Chukueni damu. Mtu kachomwa kisu, damu ya kompyuta inaruka hewani vizuri tu, halafu haitui popote. Sakafu kavu, shati safi, na mwigizaji amejishika tumbo huku kiganja hakina hata tone. Mhariri akitaka doa linalotanuka kwenye kitambaa kinachojikunja, itambidi alifuate fremu kwa fremu, yaani picha moja moja, na sekunde moja tu ina fremu 24. Kwa mikono, kazi yote ni mpira mwembamba uliopitishwa ndani ya shati, bomba la sindano pasipoonwa na kamera, na sharubati nzito yenye rangi nyekundu ya chakula. Tieni na unga kidogo wa kakao, maana wekundu mtupu huonekana kama rangi ya ukutani. Mwongozaji Sam Raimi na wenzake walipiga filamu ya kutisha The Evil Dead ya 1981 kwa chini ya dola 400,000, damu yao ikiwa sharubati ya mahindi, na watu bado wanaitazama.

Najua jibu la upande wa pili: shati likishalowa, shoti, yaani kipande hicho cha kupigwa, imekwisha. Lazima pawe na shati jingine linalofanana nalo, mwigizaji aoshwe, sakafu ifutwe, na jua halimsubiri mtu. Hoja hiyo ni nzito na siidharau. Lakini kubanwa huko kunamfanya mwongozaji aamue mapema kamera ikae wapi na kisu kiingie upande gani. Anayetegemea kompyuta huahirisha uamuzi. Gharama aliyodhani ameikwepa inamwangukia mhariri, ambaye hata lokesheni hakufika, na mara nyingi malipo yake ni ahadi.

Mwingine atanitajia Monsters ya 2010, filamu ya viumbe wa ajabu. Mwongozaji wake, Gareth Edwards, aliipiga kwa chini ya dola 500,000, na shoti kama 250 za kompyuta akazitengeneza mwenyewe. Sawa, lakini Edwards alikuwa ameshafanya kazi ya efekti, yaani hila za picha, za televisheni kwa miaka, na kamera aliishika yeye. Akisimama mahali, anajua tayari ataweka nini kwenye nafasi ile tupu. Tena tazameni alichoongeza: vibao vya barabarani, magari ya kijeshi, majengo yaliyobomoka, vyote nyuma ya waigizaji. Viumbe wenyewe wanaonekana kwa nadra, zaidi usiku. Mnamtaja kunipinga, ila kwangu huyo ni shahidi wangu.

Godzilla Minus One, iliyochukua Oscar ya efekti mwaka 2024 kwa kikosi cha wasanii 35, tuiache. Mamilioni ya dola si bajeti ndogo tunayoizungumzia hapa.

Hata hivyo, waumini wa mikono nao wasinishangilie haraka. Kinyago cha mpira kikimulikwa mwanga wa kutosha kitaonekana mpira, na ukumbi utacheka. Kama ni kibovu kipitishe gizani, kwa sekunde moja, basi.

Na kwenye bunduki nawaacha kabisa. Mwigizaji Brandon Lee aliuawa mwaka 1993 wakati wa kupiga filamu ya The Crow. Oktoba 2021 Halyna Hutchins, mpiga picha mkuu wa filamu ya Rust, aliuawa na risasi halisi iliyotoka kwenye bunduki wakati wa mazoezi ya tukio. Ikiwa uzalishaji wenye wataalamu wa silaha ulifika hapo, kikundi cha marafiki wanane kitajidai nini? Silaha iwe bandia isiyoweza kufyatua kitu, moto wake uwe wa kompyuta. Hiyo ni nuru ya fremu moja au mbili, na mhariri wa kawaida anaiweza. Kinachowashinda wengi ni kwamba moto unawaka mdomoni mwa bunduki na uso wa mpigaji haupati mwanga wowote. Mtu mmoja akae pembeni na taa, aiwashe na kuizima papo hapo mwigizaji anaporusha mkono nyuma. Petroli na baruti nazo zikae mbali. Mtu anayeniambia "hisia halisi" kwenye suala hili, sina subira naye.

Sasa, mnaosema kompyuta inaweza kuumba kwa bei ndogo, leteni shoti moja tu ya mchana kweupe: kiumbe amemshika mtu mkono, ngozi inabonyea pale vidole vilipobana, kivuli kinaangukia upande mmoja na cha mwigizaji. Na mtuambie mhariri alikaa kitini saa ngapi, na alilipwa kiasi gani.