Furaha ya jambo usilolitarajia: je, hupungua ukilisoma kabla?

Mkaazi wa Wete

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nimezaliwa Wete, kisiwani Pemba, na nimekua nikiwajua popo kuwa ni wezi wa maembe na mashelisheli, wala sikudhani kuwa wana jambo la kutazamwa. Mwezi uliopita nilimpeleka mgeni Kidike, baina ya Chake Chake na Wete, kuwaona popo hao, nikiwa na nia ya kumsubiri tu chini ya mti hadi amalize. Jua lilipokaribia kuzama walianza kujinyoosha, manyoya yao ya rangi ya kutu yakiwaka kwa mwanga wa mwisho, kisha wakaruka kundi zima juu ya vilele vya miti, mbawa za kila mmoja zikikaribia upana wa mita moja na nusu. Nilisahau kabisa kwamba nimekuja kwa ajili ya mtu mwengine. Niliporudi nikasoma kuwa popo huyu haishi popote duniani ila Pemba, kwamba aliwahi kukaribia kutoweka kwa kuwindwa na kukatiwa misitu, na kwamba baada ya wanavijiji kumlinda wamezidi 20,000. Je, furaha ile ingekuwa ndogo lau ningeyasoma hayo kabla? Nauliza kuhusu vitabu na filamu pia.

Bint Ng'ambo

Wa alaykum salaam, kaka. Kwangu mimi haikupungua hata kidogo. Riwaya ya Adam Shafi, *Vuta N'kuvute*, iliyotoka mwaka 1999, niliisoma hata nikahisi ninawajua Yasmin na Mwajuma kuliko baadhi ya jamaa zangu. Kwa hiyo Amil Shivji alipoitengenezea filamu, iliyooneshwa Toronto mwaka 2021, nilikwenda kuitazama kwa hofu ya kuikuta Ng'ambo yetu, mitaa ya mji wa Unguja, imegeuzwa pambo. Badala yake nilikuta ukimya ambao kitabu hakiwezi kuwa nao: uso wa mtu aliyenyamaza, umeangukiwa na mwanga wa taa, na mimi ninajua anachokificha kwa sababu nimeshakisoma. Usiku ule ule nilikifungua kitabu upya.

Mzee wa Pete

Mwanangu wa Wete, mimi nilitangulia kuona, maelezo yakaja baadaye. Sisi majirani wa msitu wa Jozani, Unguja, tumewaona kima punju, wale kima wekundu wa Zanzibar, tangu utotoni wakiokota vipande vya makaa na kuvitafuna, tukasema ni ulafi tu. Nimeshakuwa na wajukuu ndipo nilipoelezwa kuwa majani ya miembe na mikungu wanayoyala yana kemikali zinazosumbua tumbo, na watafiti wanaona kuwa makaa huzifyonza. Tangu siku hiyo nikimwona kima na kaa mkononi husimama kumtazama, na naapa sikuwahi kusimama kabla ya hapo. Hata huyo popo wako ana sababu ya kuwa wa Pemba peke yake: Unguja iliwahi kuungana na bara zama bahari ilipokuwa chini, lakini mkondo wa Pemba, ile bahari baina ya Pemba na bara, una kina cha mamia ya mita, na kisiwa kimejitenga kwa muda mrefu mno. Hata kima punju walioko msitu wa Ngezi, huko Pemba, walipelekwa na watu, katika miaka ya 1970.

Mkaazi wa Wete

Shikamoo, mzee, na ahsante, dada. Jambo hilo la mkondo sikulijua, nami nimeuvuka mara nyingi. Ijumaa ijayo, inshaallah, nitalala karibu na Ngezi kumsikiliza bundi mdogo wa Pemba, ambaye naye hapatikani pengine. Safari hii nitasoma kwanza.