MikroTik hEX, ER605 au OpenWrt: ipi ya kugawa VLAN nyumbani?

Mwenye_Uani: Wakuu, habari za jioni. Nina faiba nyumbani, familia iko nyumba ya mbele na wapangaji wako vyumba vya uani. Intaneti tunachangia. Nataka VLAN nne (mitandao iliyotenganishwa ndani ya vifaa na nyaya zilezile): 10 ya familia na kompyuta ya kazi, 20 ya wapangaji, 30 ya kamera, 40 ya wageni. Mpangaji asiione printa yangu, na kamera zisifike intaneti kabisa. Nachagua kati ya ruta mbili, MikroTik hEX na TP-Link ER605, au kuweka OpenWrt (programu huria ya kuendesha ruta) kwenye ruta ya zamani niliyonayo.

Fundi_Waya: hEX, mkuu. Porti tano za gigabiti, na hakuna utakachotaka ikakosa. Haina waifai, kwa hiyo tafuta akses pointi inayotoa majina kadhaa ya waifai, kila jina na VLAN yake. Kwenye RouterOS, programu inayoendesha hEX, tengeneza briji moja (inayounganisha porti za ruta), jaza jedwali la VLAN, na `vlan-filtering`, inayoanza kutekeleza jedwali hilo, uiwashe mwisho kabisa, la sivyo unajifungia nje. Kabla ya kugusa chochote bonyeza Safe Mode kwenye WinBox, programu ya kompyuta ya kupangia MikroTik. Ukikatika, mabadiliko yanajirudisha.

dada_neti: Kaka Fundi, hiyo ni nzuri kwa anayeshinda kwenye RouterOS. Huyu anataka kuweka na kulala. ER605 nayo ina porti tano, na kila kitu unakifanya kwenye kivinjari. Ila Mwenye_Uani, nisikilize hapa: ukimaliza kuunda VLAN zako, bado zitaonana! Swichi inazitenganisha, ruta inazikutanisha tena, maana kupitisha pakiti kutoka mtandao mmoja hadi mwingine ndiyo kazi yake. Lazima uandike ACL, yaani kanuni za nani aruhusiwe kufika wapi: 20 na 40 zisifike 10 wala 30. Hili ndilo linalowaponyoka watu wengi, wanaona namba za IP tofauti wanadhani wamefunga.

Fundi_Waya: Hapo dada yuko sahihi, na hEX ni vilevile. Tena fayawoli yake ya kiwandani hukataa maombi kwa ruta yasiyotoka kwenye orodha ya LAN, yaani mitandao ya ndani. VLAN mpya usipoiruhusu DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba za IP), mpangaji atapata IP lakini kurasa hazifunguki, atakugongea mlango usiku.

bega_kwa_bega: Mimi natetea OpenWrt. Fayawoli yake inafuata kanda, yaani makundi ya mitandao: kanda ya kamera usiipe njia ya kwenda WAN (upande wa intaneti), basi, imeisha. Na ruta yako ya zamani tayari ina waifai. Angalia kwanza kama modeli yako imo kwenye orodha yao ya vifaa vinavyokubali OpenWrt. Pia toleo la 21.02 la mwaka 2021 lilianza kuhamisha ruta nyingi kwenye DSA, mfumo mpya wa kupanga porti na VLAN, kwa hiyo miongozo ya kabla ya hapo inaweza isifanane na unachokiona.

Mwenye_Uani: Ahsanteni sana. Runinga nikiiweka VLAN 40, simu yangu itairushia video?

dada_neti: Haitaiona. Ugunduzi wa vifaa hutumia mDNS, matangazo ambayo vifaa hutumia kujitambulisha ndani ya mtandao mmoja, nayo hayavuki VLAN bila kirudishi, yaani programu ya kuyapeleka upande wa pili. Iache runinga kwenye 10. Chukua ER605 na swichi yenye 802.1Q (kiwango cha kuwekea data alama ya VLAN), ile ya bei ya chini isiyo na mipangilio haitakugawia porti za uani na za kamera.

bega_kwa_bega: Na porti ya kamera iliyo nje ya ukuta iwe ya VLAN 30 peke yake, isiwe trunki, yaani porti inayopitisha VLAN nyingi.