Mzee ananiachia mashine ya kuchapa kwa herufi za risasi (ile metali). Nichukue, au iende vyuma chakavu?

MpangaHerufi, Kondele
Hamjambo wadau. Nimepiga chapa miaka 6 kwa mzee mmoja hapa Kisumu. Sasa anarudi nyumbani Siaya, na ananiachia mashine ya kuchapa aina ya Heidelberg, ile ya mikono miwili inayozunguka, pamoja na makabati ya herufi. Nitalipa polepole. Lakini mtu wa vyuma chakavu ameshakuja mara mbili na mizani yake, na mke wangu anataka niajiriwe duka la dijitali, nipate mshahara. Naombeni ushauri, matusi hapana.

KijanaMilimani
Uza. Kadi za harusi siku hizi zinatumwa WhatsApp.

Babu58
Huyo hajawahi hata kukaza fremu ya herufi. Kijana, mimi niko Nakuru na mashine kama hiyo, na mwezi mzima waweza kupita sijagusa herufi. Inanilisha kwa kutia namba, kutoboa mstari wa kuchania na kukata maboksi. Hao wa dijitali ndio wateja wangu: wao wanachapa tikiti, mimi naweka namba. Vitabu vya risiti tu usivitegemee sana. eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi KRA, imevila. Kabla hujatoa hata shilingi, angalia kama rola zimekauka, na uulize mota ni ya stima ya fezi tatu au la. Kuna walionunua wakakuta mashine haiwezi kuwaka kwao.

MchongaLino
Makabati usimpe mtu wa mizani! Mimi huchonga picha kwenye linoleamu, ile ya kutandika sakafuni, nabandika kwenye ubao hadi kimo kifike milimita 23.3, sawa na herufi, halafu vyote vinapigwa pamoja. Ila hizo herufi ni risasi, bati na antimoni, na risasi ni sumu. Usile ukipanga, na unawe kabla ya kumbeba mtoto.

MpangaHerufi
Asanteni. Babu, leo nimefungua kabati. Seti zote zilipangwa kwa Kiingereza: e zimefurika, a na k haziendi mbali. "Mnakaribishwa" peke yake inameza a tatu!

Babu58
Haha, ugonjwa wa zamani huo. Neno linalorudi kila kazi, lichonge mara moja kwenye ubao.

MpangaHerufi
Sawa. Fundi wa stima anakuja kesho. Mke amesema nijaribu hadi Desemba. Yule wa mizani bado anapiga simu.