Kidonda cha kulalia cha mama kinaachwa wazi "kikauke", ni sawa?

Bintimkubwa: Jamani naombeni ushauri. Mama yuko makao ya wazee tangu apate kiharusi, hawezi kujigeuza. Leo nimemkuta na kidonda kwenye mfupa wa mkia, kina shimo kabisa, wanasema wiki iliyopita palikuwa pekundu tu. Wanakisafisha na spiriti halafu wanakiacha wazi kikauke na mama anakunja uso kila wakimgusa. Ndo dawa hiyo kweli?

Nesi_zamu_ya_usiku: Pole sana dada. Hapana, spiriti inaunguza nyama changa inayoota, na haidrojeni peroksaidi hivyohivyo. Kinaoshwa na salaini (maji ya chumvi ya hospitali) kinafunikwa na dresingi inayotunza unyevu, kidonda kikikauka kinachelewa kupona. Kama kina shimo hicho huenda ni daraja la 3 au la 4 (yale mabaya zaidi kati ya manne), ila aamue aliyekiona. Lakini dresingi hata iwe ya bei gani haitasaidia kama bado anakilalia!! Uliza anageuzwa kila baada ya muda gani, wengi tunaenda na masaa 2, na alazwe kaubavu kidogo tu, nyuzi 30 hivi, ukimlaza ubavu kamili nyonga nayo itatoboka.

mzeewakazi: Sisi baba tulimletea ule mto wa duara wenye tundu katikati tukajiona wajanja, kumbe unabana damu pembeni. Mtoe soksi uangalie visigino pia. Na kwa ngozi nyeusi usisubiri wekundu, shika kwa mkono, pakiwa pa moto au pagumu kuliko pembeni ujue tayari. Usipasugue.

Bintimkubwa: Sasa hapo kwenye kugeuzwa... kuna karatasi ukutani imesainiwa mpaka saa kumi na mbili jioni. Mimi nimeisoma saa nane mchana 😳

Nesi_zamu_ya_usiku: Basi shida umeshaiona. Ipige picha. Omba kikao na nesi mkuu, uliza kidonda kilipimwa lini urefu, upana na kina (angalau kila wiki kipimwe), godoro la kupunguza mgandamizo liko wapi, protini anapata kiasi gani, na apewe dawa ya maumivu kabla ya kuoshwa sio baada. Ukisikia harufu mbaya, usaha, homa au anaanza kuchanganyikiwa usingoje kikao, daktari siku hiyohiyo.

Bintimkubwa: Asanteni. Nimewapigia, kikao kesho saa tatu. Visigino nitaviangalia kabla sijaingia humo.