Nimeuziwa fotokopi kwa bei ya kitabu halisi: wauza "origami adimu" mnawaibia wabunifu na mnatuibia sisi wakusanyaji

Wakuu salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kuna muuzaji anajitangaza mtandaoni kwamba ana "vitabu adimu vya origami kutoka Japani na modeli za mabingwa". Kwa mgeni: origami ni sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi, na modeli ni umbo lililokunjwa. Nimemlipa laki nne na nusu kwa vitabu vinne na boksi moja la modeli. Mzigo umeletwa na bodaboda, nimefungua, nimekuta fotokopi. Karatasi za A4 za steshenari, zimetobolewa pembeni na kubaindiwa kwa spairo ya plastiki. Jalada la mbele tu ndilo limechapwa kwa rangi na kufunikwa nailoni, ili kwenye picha lionekane kitabu. Nimempigia simu, akanijibu kwa utulivu kabisa: "Bosi, si yaliyomo ni yale yale?"

Hapana, si yale yale. Na ninaufungua uzi huu kwa sababu nilipolalamika kwenye kundi letu la WhatsApp la wakunjaji, watu wengi walimtetea. Mmoja kaandika, "Karatasi ni karatasi mkuu, kunja tu." Mwingine hakunipa hata pole, kaomba nimpigie picha kurasa zote nimtumie. Watu hao hao kila wiki wanaweka picha za ndege na majoka waliyokunja na kusubiri sifa.

Sasa nisikilizeni, hasa mnaoanza kujenga mkusanyiko wenu.

Mchoro wa origami hautegemei maneno, unategemea mistari. Mstari wa vipande vipande unakwambia ukunje karatasi kuja kwako, huo tunauita mkunjo wa bonde. Mstari wa vipande na nukta unakwambia ukunje kwenda nyuma, mkunjo wa mlima. Sehemu yenye kivuli ni upande wa rangi, isiyo na kivuli ni upande mweupe. Msingi wa alama hizi uliwekwa na Akira Yoshizawa, bingwa wa origami wa Kijapani, na kitabu chake cha mwaka 1954, Atarashii Origami Geijutsu, ndicho kilichozitangaza. Baadaye Samuel Randlett wa Marekani, pamoja na Robert Harbin, mwanamazingaombwe mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi zake Uingereza, wakaziboresha na kuzisambaza nje ya Japani. Ndiyo maana mimi nisiyejua herufi hata moja ya Kijapani ninaweza kukaa Tabata hapa Dar na kitabu kilichochapwa Tokyo, nikakunja kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho bila kumuuliza mtu.

Haya, chukua kitabu hicho ukipige picha kwa simu, ukichape, kisha mteja wa pili umpigie fotokopi ya ile chapa. Nukta ndizo zinazotangulia kufutika. Zikifutika, mlima umegeuka bonde. Kivuli nacho kinakuwa madoa meusi, hujui tena upande wa rangi uko juu au chini. Kwenye ramani ya mikunjo, yaani ule mchoro mmoja unaoonyesha karatasi nzima ikiwa imekunjuliwa na mikunjo yake yote, wabunifu wengi siku hizi hutenganisha mlima na bonde kwa rangi, nyekundu na bluu. Mashine ya nyeusi na nyeupe inazigeuza zote kijivu kimoja. Hiyo ni kanga iliyofuliwa hadi jina lake likafutika: nguo unayo, ujumbe huna.

Kimoja kati ya vile vinne nilikitafuta kwa muda mrefu sana: kitabu cha kazi za Satoshi Kamiya, mbunifu wa Kijapani, kilichotolewa mwaka 2005 na Origami House ya Tokyo. Ndani yake kuna joka la kale, karatasi moja ya mraba, bila mkasi, hatua zaidi ya mia mbili. Aliyewahi kukunja kitu cha aina hiyo anajua kosa la hatua ya arobaini unaliona ukishafika mbali, na wakati huo karatasi imeshachoka na haikubali kukunjuliwa tena. Katika nakala niliyouziwa, kurasa za joka zimekatwa ukingo wa chini, kwa sababu kitabu kilibanwa vibaya kwenye mashine. Hatua za mstari wa mwisho hazipo. Kurasa nzima nzima hivyo hivyo! Aliyepiga fotokopi hakukunja hata hatua moja, angekunja angeona. Halafu mtu ananiambia yaliyomo ni yale yale.

Lakini kinachoniuma kuliko hela ni ukurasa wa mwisho. Vitabu vya Kijapani huweka taarifa za uchapaji nyuma: mwaka, toleo, mchapishaji, jina la mtunzi. Muuzaji wetu ameutoa ukurasa huo kwenye vitabu vyote vinne, na ndani amefuta majina ya wabunifu yaliyokuwa juu ya kila modeli, mahali pake akapiga muhuri wa duka lake. Kupotea kwa ukurasa mmoja kwenye mashine ningeweza kuamini ni bahati mbaya. Majina kufutwa vitabu vinne mfululizo ni kazi ya mtu aliyekaa akakusudia.

Yoshizawa huyo mnayemtaja kila mnapotaka kuonekana wajuzi aliacha kazi ya kiwandani mwaka 1937 ili ashughulike na karatasi. Aliishi kwenye ufukara kwa karibu miaka ishirini, akizunguka nyumba kwa nyumba kuuza tsukudani, kitoweo cha Kijapani, apate chakula. Inakadiriwa alibuni modeli zaidi ya 50,000, na zilizochorwa na kuchapishwa ni mamia machache tu. Amefariki mwaka 2005. Kila ukurasa wake uliopo ni kipande kidogo kilichookolewa katika kazi kubwa ambayo hatutaiona tena. Wewe unachukua ukurasa huo, unafuta jina lake, unapiga muhuri wa duka lako?

Na msiniambie origami ni ya wote, ni ya jadi, haina mwenyewe. Ipo ya jadi, naijua na ninaiheshimu. Korongo tunayefundisha watoto shuleni hana mbunifu anayejulikana. Kitabu cha Hiden Senbazuru Orikata kilichochapwa Kyoto mwaka 1797 tayari kilikuwa na korongo walioungana, wamekunjwa kutoka karatasi moja. Korongo huyo kunja, fundisha, gawa, hakuna atakayekugusa. Kwenye mkusanyiko wangu lebo yake imeandikwa "ya jadi" na inatosha. Joka la Kamiya si la jadi. Wadudu wa Robert Lang si wa jadi. Huyo ni mwanafizikia aliyefanya kazi hadi kwenye maabara ya NASA kabla ya kuamua kuishi kwa karatasi, na kitabu chake cha mbinu za ubunifu cha mwaka 2003 kikaongezwa na kutolewa upya mwaka 2011. Wenyewe hawa wanajua haki yao. Mwaka huo huo wa 2011 Lang na wabunifu wenzake walimfungulia kesi msanii aliyetumia ramani zao za mikunjo kwenye michoro yake bila kuwataja. Walimalizana nje ya mahakama mwaka 2013, na wabunifu wakapata kutajwa.

Hapa kwetu pia sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na Tanzania iko ndani ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, kwa hiyo kazi ya Mjapani inalindwa hapa kama ya Mtanzania. Ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Kwa Yoshizawa, hesabu hiyo inafika 2055. Anayesema "kitabu cha zamani, hakina mwenyewe" akafanye hesabu kwanza.

Turudi kwenye boksi la modeli, maana nalo lina kisa chake. Tangazo lilisema "karatasi moja, bila kukata, bila gundi, mikono ya bingwa". Tembo amekatwa mkasi masikioni, meno yake ni vipande vilivyobandikwa. Farasi amekunjwa kwa karatasi ya kawaida ya printa, miguu imeshaanza kufunguka kwa unyevu. Gundi si dhambi, wakuu. Kusudama za zamani, yaani ile mipira ya mapambo ya vipande vingi vya karatasi, zilishonwa kwa uzi au kubandikwa, na anayezitengeneza leo kwa gundi anafuata njia ya heshima. Unachotakiwa ni kusema. Mnunuzi ana haki ya kujua nani alibuni, nani alikunja, karatasi gani, imekatwa au haikukatwa. Mbunifu na mkunjaji mara nyingi ni watu wawili, wote wawili wanastahili kuandikwa. Modeli isiyo na majina hayo haifai kuitwa sehemu ya mkusanyiko, hata ikiwa nzuri namna gani.

Na bingwa gani angekunja farasi wa kuuza kwa karatasi ile? Karatasi ya bei rahisi ya mbao ina lignini, kemikali ya asili ya mti, na mara nyingi ina asidi, ukiiweka kwenye mwanga inageuka njano na kukatika mikunjoni. Wanaofanya kazi ya kudumu hutumia washi, karatasi ya jadi ya Kijapani, ya nyuzi za mti wa kozo, au karatasi nzito wanayoilowesha kidogo na kuikunja ikiwa na unyevu, mbinu nyingine ya huyo huyo Yoshizawa. Ikikauka inakaa ngumu, misuli ya mnyama inaonekana. Dar es Salaam hii yenye joto na unyevunyevu mwaka mzima, mimi nahangaika na maboksi yenye mfuniko, vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, dirisha lenye pazia zito, na mende wanaopenda gundi ya uti wa vitabu. Halafu nimetumiwa farasi wa karatasi ya printa kwenye boksi la viatu, ndani yake kuna mayai ya mende! Nimelitoa nje usiku ule ule kabla halijaharibu vilivyomo ndani.

Nitajibu na hoja ya umaskini kabla hamjaileta, kwa sababu ndiyo inayotumika kufunika wizi kila siku. Mnasema vitabu ni ghali, usafirishaji ni ghali, kijana wa Mbeya au Kisumu atavipata wapi? Ni kweli ni ghali, mimi mwenyewe najinyima. Lakini kijana huyo anaweza kupata michoro mingi bila senti na bila kuiba. Wabunifu wengi, Lang akiwemo, wameweka baadhi ya michoro yao wazi kwenye kurasa zao. Lang alitoa hata programu yake ya kubuni, TreeMaker, bure. Chama cha Uingereza, British Origami Society, kipo tangu 1967, na OrigamiUSA ya New York nayo inatoa michoro ya bure kwenye tovuti yake. Vitabu vya bei nafuu vya mchapishaji Dover wa Marekani vipo, na vile vya jalada jepesi vya Harbin vinapatikana mitumba. Ukianza na hivyo unakuwa na kitabu kidogo lakini halisi, chenye jina la mwenyewe. Na zaidi ya hayo, mimi sikuuziwa kwa bei ya kijana maskini. Niliuziwa fotokopi kwa bei ya kitabu adimu. Huyo muuzaji hamsaidii maskini yeyote, anamtumia kama ngao.

Kinachonitia uchungu zaidi ni kwamba wakunjaji wa huku ni wachache na tunajuana. Tukizoea hivi, siku kijana wetu wa hapa akibuni kitu chake, tuseme pweza au jahazi la karatasi moja, akakaa miezi anachora hatua zake, nani atanunua? Kundi zima litakuwa linasubiri mmoja anunue apige picha. Nimeshaona dalili. Kuna dada mmoja alichora kobe wake mwenyewe, mzuri sana, akaweka hatua chache kama mfano. Ndani ya wiki mchoro wake ulikuwa unazunguka bila jina, na mtu anamwambia mwenyewe, "Hii ya Wachina hii." Ameacha kuchora. Nimemwandikia mara kadhaa, hajibu.

Sasa haya ndiyo ninayotaka, bila kuzunguka. Mliowahi kununua kwa muuzaji anayebaindi kwa spairo na kupiga muhuri wa duka kila ukurasa, tazameni nyuma ya kitabu kama ukurasa wa uchapaji upo, halafu wekeni picha hapa. Picha za ukurasa huo na za muhuri tu, msiweke michoro yenyewe. Wenye nakala halisi, naomba orodha ya vichwa na miaka tu, ili anayenunua ajue toleo la kweli linafanana vipi. Mwenye kitabu cha Kamiya halisi aliye Dar au Zanzibar, nitakuja nikipata nafasi nikitazame kwa macho, sihitaji kukigusa.

Anayekuja hapa kuomba PDF nitamripoti kwa Mods, asinilaumu.

Na wewe uliyeniuzia, najua unasoma, kwa sababu umeshanizuia kwenye simu baada ya kundi kuchemka. Fotokopi zako zote nne ninazo, pamoja na risiti ya muamala na ujumbe wako. Nirudishie laki nne na nusu yangu kabla ya Ijumaa. Kisha uondoe tangazo, na nakala zilizobaki dukani kwako usizipunguzie bei, zichane.