Yamaha AG100 ya zamani: nianzie wapi?

Wakubwa, habari za kwenu. Niko Goma, na baba mdogo amenipa pikipiki, AG100 iliyolala stoo miaka mingi. Kiki inashuka na kurudi vizuri, kwa hiyo pistoni haijashikana. Ila tangi lina kutu ndani, na petroli imegeuka gundi kwenye kabureta.

Nafikiri kusafisha hivyo viwili, kubadilisha buji, kisha kujaribu kuiwasha kabla ya kufungua injini. Shida yangu ni oili. Hii ni injini ya mapigo mawili, oili ina tangi lake na pampu yake. Je, niamini pampu iliyokaa hivyo, au nichanganye oili ndani ya petroli mpaka nihakikishe inasukuma? Oili ikikosa, silinda na pistoni vinakwanguana mpaka vinashikana.

Baadaye nataka kiti kifupi, keria itoke, na matairi ya meno kwa haya mawe yetu ya volkano. Fundi wa mtaani anataka kukata fremu, mimi sitaki. Kuna aliyebadilisha kiti kwa boliti tu? Na vipuri mnapata wapi, hapa mjini au mpaka Kampala?